Hita ya kioo, ya titani au ya kwenye mpira wa filta: we angalia itakufa vipi

Hii naandika kwa mwenye tangi kubwa la samaki, lita mia tatu kwenda juu, maana mwenye katangi ka mezani hata akikosea hita hasara yake ni samaki wanne na aibu kidogo. Mi nipo Tabora, tangi lipo sebuleni, sentimita 150 kwa 60 kwa 60, kwenye karatasi hiyo ni lita 540 ila ukitoa mawe, mchanga na ile nafasi ya juu maji yenyewe ni kama 450. Samaki ni wa Ziwa Tanganyika, frontosa nane wa Kigoma, wale wa mistari saba, na calvus weusi wachache wanaojificha kwenye mapango ya mawe. Baba mdogo wangu wa Ujiji hajawahi kuelewa kwa nini mtu analipia umeme kumpashia samaki maji wakati samaki huyo si mgebuka na wala haliwi.

Na yeye kwa upande wake yuko sawa. Kigoma mjini uko kando ya ziwa, ziwa lenyewe maji ya juu yanacheza digrii 24 mpaka 27 hivi, halafu kule mwinuko ni mita mia saba na kitu tu. Tabora tuko kwenye mita 1,200, na mwezi wa sita na wa saba alfajiri hapa nje unakuta digrii 15, sebule isiyo na dari inafika 17 au 18. Kwahiyo samaki yuleyule anayeishi Bangwe kwa raha bila hita, ukimpandisha huku juu anahitaji msaada. Mtu wa Kigoma akikwambia hita ni anasa msikilize, ila akuambie akiwa Kigoma.

Sasa hita. Watu wakiniuliza huwa wanaanza na bei, wengine wanaanza na wati. Mi swali langu la kwanza ni moja tu, hii kitu ikifa inafia upande gani? Maana hita zote zitakufa, na zina vifo viwili. Kuna kufa baridi, inaacha kuwaka, na kuna kufa moto, inagoma kuzima. Ikifa baridi una masaa mengi ya kugundua, tangi kubwa linapoa polepole. Ikifa moto ukiwa umesafiri umekwisha.

Mi nilisafiri. Ilikuwa msiba Urambo, nikalala usiku mmoja, narudi kesho yake mchana nafungua mlango naona kioo cha tangi kimefunga ukungu kwa juu kama dirisha la daladala wakati wa mvua. Frontosa wote wamejipanga pale maji ya filta yanapomwagikia, midomo juu, wanavuta hewa. Naweka mkono, maji ya kuogea kabisa haya. Kipimajoto kinasema 33. Hapo ujue maji yakipata moto yanabeba oksijeni kidogo, na mwili wa samaki wakati huohuo unadai oksijeni nyingi zaidi, kwahiyo anabanwa huku na huku. Nikachomoa hita, nikafungua feni ikapuliza juu ya maji, nikaongeza pampu ya hewa, sikumwaga barafu maana kuwashusha ghafla nayo ni kuwaua. Nilipoteza watatu, dume kubwa akiwemo.

Hita ilikuwa moja, ya kioo, wati 500, ya bei chee. Nikampelekea fundi wangu wa redio pale Kanyenye, akaikata kwa juu akanionyesha: ndani kuna kibati kimeunganishwa kwa metali mbili tofauti, kikipata joto kinapinda kinaachanisha umeme, kikipoa kinanyooka kinagusa tena. Pale panapogusana palikuwa peusi na pameshikana. Akaingiza ukucha, tak, ikaachia. "Kaka, hii imejilehemu yenyewe." Basi, ndo ugonjwa wa hita hizi. Kila inapowaka na kuzima kuna kacheche, na wati zikiwa nyingi cheche inakuwa kubwa, 500 kwenye volti 230 ni zaidi ya ampea mbili zinapita kwenye vidoti viwili vidogo kama punje ya uwele, mara elfu na elfu. Ya wati 150 inapitisha ampea 0.65 tu.

Kabla hujalinganisha aina, jua tangi lako linadai nini

Wengi wanatumia kanuni ya wati moja kwa lita. Kwa Ulaya yenye barafu sawa, ila kwa tangi kubwa Tabora hiyo inakupa hita ya wati 500 kama yangu, na hiyo 500 ndo iliyoniua. Tangi kubwa linatunza joto kuliko dogo.

Pima lako mwenyewe, usiku mmoja tu wa baridi. Zima hita saa tatu usiku, andika joto, amka saa kumi na mbili andika tena. Langu lilianza na 26 asubuhi likawa 23.6, yaani limeshuka digrii 2.4 kwa masaa tisa, samaki hata hawakushtuka. Zidisha digrii zilizoshuka kwa lita, zidisha kwa 1.16 (hizo ni wati-saa za kupasha lita moja digrii moja), gawa kwa masaa: 2.4 mara 450 mara 1.16 gawa 9, unapata kama wati 140. Hiyo ndo hasara ya tangi langu usiku wa baridi. Sasa niambie wati 500 zilikuwa za nini pale. Zilikuwa za kupika.

Kutoka hapo ndo nikahamia kwenye hita mbili za wati 150. Moja ikifa baridi, iliyobaki peke yake inakaribia kulimudu tangi. Moja ikifa moto, usiku wati 150 zinaishia kwenye hasara ileile ya 140, joto halipandi la maana, na mchana litapanda pole pole, jioni unakuta 28 unajiuliza kuna nini. 28 samaki anavumilia. Kwa hiyo mbili ndogo dhidi ya moja kubwa, mimi hapo sina mjadala na mtu, hata kabla hatujafika kwenye kioo na titani.

Kioo na titani

Kioo ndo utakachokipata kirahisi, madukani Dar na Mwanza vimejaa, wanakutumia kwa basi. Kioo cha bei chee na kioo cha maana kwa macho ni kilekile, tofauti iko ndani. Eheim Jäger kwa mfano, ya Kijerumani, zinaanzia wati 25 mpaka 300, ina pete juu ya kurekebishia, yaani kama hita inasema 25 na kipimajoto chako unachokiamini kinasema 26 unaisogeza pete isome ukweli, na imetengenezwa ijizime ikiachwa bila maji. Hizi za chee namba zake ni kama mapambo, niliwahi kuweka 25 nikapata 28. Ila jueni, hata hiyo nzuri ni metali mbili zilezile zinazogusana, imechelewesha ugonjwa, haijaufuta.

Udhaifu wa kioo kwetu huku una jina, umeme. Picha ni hii: unabadilisha maji, umeme umekatika kwahiyo hata hukukumbuka kuchomoa hita, maji yameshuka nusu, hita iko juu nje nusu nzima, umeme unarudi. Dakika tatu tu hita inaungua kwenye hewa, we unamwaga ndoo ya maji ya baridi, inapasuka. Na ikipasuka si hasara ya hita tu, ni waya uko wazi ndani ya maji ambayo mkono wako umo. Sheria ya nyumba yangu: plagi ya hita inatoka kwanza, unakunywa chai ndo unagusa maji, umeme uwepo usiwepo. Halafu frontosa dume akikua ni kilo na zaidi ya ubishi, akifukuzana anapiga mkia kwenye kioo, kwahiyo usinunue hita ya kioo isiyokuja na kile kizimba cha plastiki, au ifiche nyuma ya mawe ila maji yapite.

Titani haipasuki. Mdondoshe sakafuni, mpige na jiwe, anakuangalia tu. Hata bila maji inaungua mfuniko wa plastiki kabla yenyewe haijaharibika. Na haili kutu, hata kwenye maji ya chumvi ya bahari, ndo maana wenye matangi ya matumbawe wanaipenda. Angalizo, dukani kuna hita zinang'aa wanakwambia "titani hiyo boss" kumbe ni stenlesi. Kwa maji ya ziwa stenlesi inavumilia, kwenye chumvi itaanza madoa ya kahawia, kwahiyo soma boksi, usimsome muuzaji.

Ila sasa, hapa ndo watu wengi wanapigwa. Hita nyingi za titani hazina thamostati ndani, yaani kile kidude cha kuwasha na kuzima kufuata joto, ni chuma cha joto tu, ukichomeka inawaka mpaka ukichomoe. Lazima iende na kontrola ya nje, kile kiboksi chenye waya wa sensa unaozama kwenye maji. Kwahiyo bei ya titani usiilinganishe na ya kioo moja kwa moja, jumlisha kontrola. Na kifo moto hakijaondoka, kimehama kutoka kwenye hita kwenda kwenye relei ya kontrola, ile swichi yake ya ndani, maana na relei nayo ina vidoti vinavyogusana vinaweza kushikana vilevile, tofauti ni kwamba ni vikubwa na vimetengenezewa mzigo. Inkbird ITC-308 ya volti 220 inabeba mpaka wati 2,200, ukiitundikia 300 ni kama punda wa Igunga kubeba mkoba wa mwalimu.

Kifo kingine cha kontrola ni cha kijinga zaidi. Sensa inatoka kwenye maji. Samaki kaivuta, mtoto kaigusa, kile kimpira cha kunatia kwenye kioo kimeachia, sensa inaning'inia kwenye hewa ya digrii 18 inaripoti tangi limeganda, kontrola inawasha hita na haitazima mpaka kiama. Titani tupu hapo inapika. Kioo chenye thamostati yake ndani hakipiki, kwa sababu kina mlinzi wa pili.

Na hilo ndo lililonifanya nisichague titani, pamoja na sifa zake zote. Nimechagua kioo kizuri chini ya kontrola: thamostati ya hita nimeiweka 27, kontrola nimeiweka 25.5. Siku zote kontrola ndo inazima, thamostati ya hita inakaa imegusana tu bila kuwaka-kuzima kwahiyo hata cheche zile haipigi, haichakai. Siku kontrola ikichizi au sensa ikitoka, joto likifika 27 hita inajizima yenyewe. Ili samaki wapikwe lazima wafe wawili kwa mpigo. Ukipata titani yenye thamostati yake ndani, zipo, basi hiyo weka chini ya kontrola una kila kitu, ila mfuko uwe umejiandaa.

Za kwenye mpira, na zile za plastiki bapa

Ya kwenye mpira wa filta, kama Hydor ETH, wati 200 na 300, inakaa nje ya tangi kabisa, maji yanayorudi kutoka kwenye filta yanapita ndani yake. Kwa urembo hakuna kama hiyo, tangi linabaki mawe na samaki, hakuna fimbo ya kioo inayoharibu picha, frontosa hana cha kupiga mkia. Inataka uwe na filta ya nje ya kopo, na inaongeza viungio viwili ambavyo ikitokea kimoja kimelegea usiku ni lita ngapi zipo sakafuni unajua mwenyewe. Shida yangu nayo ni kwamba joto linategemea filta ipitishe maji vizuri, filta ikiziba mtiririko unadhoofika. Ukiwa msafi wa filta kila mwezi ichukue. Mi sio.

Zile bapa nyeusi za plastiki zenye taa na namba, thamostati yake ni ya kielektroniki, nzuri kwa tangi dogo. Kwa lita 450 nimezipita.

Volti zetu

Hii ingekuwa Ulaya nisingeiandika. Nguvu ya hita inafuata volti mara volti, volti zikizidishwa kwa zenyewe, yaani ikishuka kidogo nguvu inashuka sana. Hita ya wati 300 imepimwa kwa volti 230, jioni umeme ukiwa mdogo soketi ikasoma 180 inatoa kama 184 tu. Ndo maana ukipiga hesabu ya hita mbili acha nafasi, mbili zangu za 150 kwenye volti 180 zinatoa 184 pamoja, bado ziko juu ya 140 za hasara. Zingekuwa mbili za 100 ningeganda.

Kinyume chake ni mzigo wa ndugu wa Marekani. Kule ni volti 120. Kijana mmoja wa Isevya aliletewa hita safi kabisa ya wati 300, akaichomeka kwa adapta, kwa volti 230 ile inajaribu kutoa wati zaidi ya 1,000, haikumaliza dakika. Soma kwenye shingo ya hita iandikwe 220-240V, basi.

Na adapta zenyewe, hita nyingi zinakuja na plagi ya miguu miwili, ukichomeka kwenye kiadapta kilicholegea kinapata moto kinayeyuka. Mwambie fundi akate aweke plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ndogo. Hapohapo akufungie breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30, na waya wa hita uuache ulegee chini ya soketi kabla haujapanda, maji yakitiririka kwenye waya yadondokee chini yasiingie kwenye soketi. Kama nyumba haina athi ya kweli, ile ya fimbo ardhini, hela ya hita ianzie hapo kwanza.

Umeme ukikatika usiku kucha usihangaike kununua inveta kwa ajili ya hita, inamaliza betri bure. Weka betri kwenye pampu ya hewa, tangi funika na blanketi upande wa nyuma na pembeni. Mke wangu ana kitenge chake cha zamani, ndo koti la samaki.

Kwa wa maji ya chumvi

Kama we tangi lako ni la matumbawe, umeleta chumvi mpaka huku bara na roho ngumu, basi mizani yangu inabadilika kidogo, titani inapanda juu. Chumvi inatambaa mpaka kwenye plagi na kwenye mfuniko wa hita, na konokono na nyungunyungu wa baharini wanajenga juu ya kioo. Halafu matumbawe hayasameheki kama frontosa. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kwa El Niño, matumbawe ya pwani yetu, hadi Mafia, yalipauka na mengi yakafa, na lile joto la ziada halikuwa hata digrii nyingi. Kwahiyo kwa chumvi: titani mbili, kila moja na kontrola yake na soketi yake, usizitundike zote kwenye kiboksi kimoja, 25 mpaka 26 na isicheze.

Kipimajoto nunua kile cha kioo cha kawaida, viwili, ukivizamisha pamoja vikakubaliana umepata ukweli. Kile cha digitali cha kupimia mtoto homa hakisaidii, chini ya 32 kinakuandikia Lo.

Langu kwa sasa liko hivi, hita mbili za kioo za 150, moja kila upande karibu na maji yanapotoka kwenye filta, zimelala, thamostati 27, kontrola moja 25.5, sensa nimeifunga kwa kamba ya nailoni kwenye jiwe katikati ya tangi ambapo frontosa hawafiki. Hita nabadilisha kila baada ya miaka miwili hata kama inafanya kazi, ya zamani naigawa kwa wenye katangi ka mezani. Kontrola ya pili nimenunua, bado iko kwenye boksi, namsubiri fundi wa Kanyenye amalize msiba wa kwao aje aongeze soketi.